Kikonyo na Wanaokidharau

Mtu wa ofisi akistaafu hukatiwa keki na kupewa saa ya ukutani, nadhani ili ahesabu muda uliobaki. Mama mboga akistaafu huulizwa swali moja tu: "Mathe, hiyo nafasi ya meza unaachia nani?" Niliulizwa hivyo kabla sijakunja gunia langu la mwisho, na aliyeuliza alikuwa ameshaipima meza kwa macho, urefu na upana. Simlaumu. Nafasi yenye kivuli Kawangware haipatikani kwa maombi.

Akina mama wa chama chetu ndio walioniambia niandike. Walisema wale wapya wanahitaji mtu wa kuwaelekeza. Nikawaambia wapya hawasomi, wanatazama simu. Wakasema basi tutawatumia kwa simu. Kwa hivyo wewe unayesoma haya huku mboga inanyauka mbele yako, weka simu chini kwanza, nyunyizia maji, halafu rudi. Nitakuwa hapa. Siku hizi sina haraka.

Sitaandika nilipata nini wala nilijenga wapi. Hayo wanaandika waliopata. Nitaandika juu ya kitu ambacho mnakitupa kila siku chini ya meza na kukikanyaga: kikonyo.

Najua nyinyi mnakiita mti. "Mathe nitolee miti," mteja anasema, na wewe unatoa, hujui hata umetoa nini. Mti ni mti, una mizizi na unajengewa nyumba. Shina ni ile nguzo ya mmea inayosimama kutoka udongoni. Kikonyo ni ule mkono mwembamba unaotoka kwenye shina na kulishika jani. Kikishaingia ndani ya jani kikawa ule mstari mnene wa katikati, hapo si kikonyo tena, ni mshipa. Ukiwa muuza mboga na hujui kikonyo kinaanzia wapi na kinaishia wapi, wewe ni sawa na muuza nyama asiyejua paja na shingo. Utauza, ndiyo. Hata kipofu anaweza kuuza kioo.

Nilijifunzia kazi Kibera, Laini Saba, kando ya reli. Siku ya kwanza nilifika na sukuma wiki niliyonunua kwa mkulima mmoja mwenye maneno matamu, nikaitandaza juu ya gunia na kukaa nikingoja dunia inunue. Jirani yangu alikuwa Mama Hadija, Mnubi mzaliwa wa Kibera, mwanamke mnene wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko hiyo reli yenyewe. Alinitazama mpaka jua likapanda. Kisha akaja, akachukua jani moja la juu, akakipinda kikonyo karibu na sikio langu. Kikapinda kama kamba ya kiatu, kimya.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Sijasikia kitu."

"Na mteja hatasikia kitu. Hii ni ya juzi, mwanangu. Umeuziwa kaburi."

Akachukua jani la kwake, akakipinda. Kikavunjika, ta, na tone la maji likatoka kwenye mvunjiko. "Jani lina uongo mwingi," akasema. "Ukilimwagia maji linasimama, linang'aa, linacheka na watu. Tazama anayelibeba."

Huo ndio ulikuwa mtihani wangu kwa wiki nyingi. Alinifunga macho kwa leso na kuniwekea mafungu mkononi, nami niseme lipi la leo na lipi la jana. Wapita njia waliokuwa wakitembea relini walisimama kucheka. Kijana mmoja wa Lindi, kijiji cha pili hapo hapo Kibera, akauliza kama tunafanya uganga. Mama Hadija akamjibu, "Ndiyo, na wewe tunakuona huna pesa," naye akaenda zake.

Kufikia mvua za kwanza nilikuwa najua haya. Kata mwisho wa kikonyo kidogo kwa ukucha: kikiwa cheupe na chenye unyevu, ni cha leo. Kikiwa na rangi ya chai, kimelala njiani. Kikiwa na tundu katikati kama mrija, mmea umezeeka na jani litakuwa gumu hata ulichemshe mpaka mwenye nyumba aje kudai kodi. Kikonyo kirefu chembamba cha kunde kinaliwa chote kikiwa kichanga. Cha spinachi, kile kinene cheupe, kinatangulia sufuriani na jani linafuata baadaye. Wanaovitia pamoja wanakula uji na kamba. Cha nduma usikiguse kama hujui, kitakuwasha mpaka utubu. Na cha majani ya maboga, ambayo mimi na wenzangu wa Magharibi tunayaita seveve, ni lazima kimenywe: unavunja ncha kidogo bila kuikata, unavuta kuelekea jani, na nyuzi zote zinafuatana kama watoto wa shule. Ukiona mtu anauza seveve ambayo haijamenywa kwa bei ya iliyomenywa, huyo anakuuzia kazi yako mwenyewe.

Zana zilikuwa chache na ndivyo ilivyopasa. Kisu nilitengenezewa na fundi wa jua kali pale pale kando ya reli, kutoka kwa kipande cha msumeno mkuukuu. Kilikuwa kibaya kwa sura na hakijawahi kuniangusha. Visu vyenu vya rangi ya waridi nimeviona. Vinafaa kukata keki za watu wa ofisi.

Na wateja? Wa Kibera nitawasifu kwa hili: walijua wanachotaka. Wanaume wanaotoka kazi ya mjengo wakirudi Raila Village kwa miguu walisema, "Kata na miti, mathe. Hiyo pia ni chakula." Nikakata nyembamba kama vijiti vya kiberiti, ikaiva vizuri, wakala, wakarudi. Anayejinyima kikonyo ni yule aliyepata pesa juzi. Huyo anataka jani tupu, halafu analalamika kwamba fungu ni dogo. Nilikuwa namwonyesha vikonyo chini ya meza: "Fungu lako lingine ndilo hili, baba. Umelitupa mwenyewe." Sikupata rafiki kwa njia hiyo lakini nilipata heshima. Na vikonyo niliviuza kwa wenye mbuzi.

Kuna ujanja mmoja niliukuta Kawangware nilipohamia, na bado upo. Saa sita mchana muuzaji anachukua mboga ya jana, ananyoa vikonyo kwa kisu ili mwisho uwe mweupe tena, anapanga upya na kuita, "Ya leo, ya leo." Kesho ananyoa tena. Mwisho wake unauziwa majani yasiyo na shingo. Wanaofanya hivyo wanajijua, na wengine wamo humu kwenye simu wakisoma wakijifanya wanapiga miayo. Nyoeni tu. Mteja akija mara moja hamtamjua, na hatakuja mara ya pili mkamjua.

Pia kulikuja dada mmoja wa kilimo kutufundisha chama kizima kupanda mboga kwenye magunia. Alikuwa mdogo, viatu vyake vyeupe, na sisi tulikuwa tumeketi tayari kumdharau. Akataja kikonyo kwa jina lake la kitaalamu la Kiingereza, nikadhani ni dawa ya meno. Akasema kikonyo ni sehemu ya jani, si sehemu ya shina. Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Akangoja tumalize, akashika mmea, akatuonyesha mahali jani lilipoanguka lenyewe kwa uzee: limeenda na kikonyo chake, na kwenye shina limebaki kovu safi, kavu. "Mmea wenyewe unajua mpaka uko wapi," akasema. "Ukiacha kisiki cha kikonyo, umeacha kipande cha jani lililokufa. Kinaoza, na uozo unaingia shinani." Tena akatuambia si kila jani lina kikonyo. La mahindi halina, limejifunga moja kwa moja kwenye bua kama leso kiunoni. Nilikuwa nimekula mahindi maisha yangu yote na sijawahi kuliona hilo. Sipendi kufundishwa na mtu mwenye viatu vyeupe, lakini haki ni haki.

Tangu siku hiyo tulichuma hivi: shika kikonyo pale kinapokutana na shina, sukuma chini na pembeni kidogo, kinaachia chenyewe. Bila kisu. Anza na majani ya chini, yaliyokomaa, acha moyo wa juu ukue. Aliyejifunza vizuri kuliko wote alikuwa Peris.

Peris alikuwa mjane kutoka Vihiga, fundi wa cherehani, na alikuwa amepanga chumba kimoja kwenye ploti ya Mzee Ndirangu. Mzee ni mwenyeji wa hapo, ardhi ya baba yake, vyumba vya mabati vilivyozunguka ua mmoja na bomba la maji katikati. Peris aliruhusiwa kuweka magunia yake ya sukuma kwenye ukuta wa nyuma, akawa ananiuzia. Mke wa Mzee, Mama Ndirangu, aliona yanavyositawi naye akaweka ya kwake, kwenye ukuta wa mbele, ili wageni wa kanisa wayaone wakiingia. Gunia la mboga, kwa wasiolijua, lina miche juu na mingine kwenye matundu ubavuni, mpaka chini kwenye magoti.

Ndipo sukuma ya Mama Ndirangu ikaanza kuibiwa. Leo kidogo, kesho kidogo. Mama akaita mkutano wa wapangaji pale uani, jioni, watu wakiwa na ndoo zao.

"Mimi sisemi ni nani," akasema. "Nauliza tu, hapa ndani ni nani anauza sukuma?"

Watu wote wakamtazama Peris. Peris akasema, "Mama, mimi nina magunia yangu. Ya kwako niibe nipeleke wapi?"

Fundi wa simu wa chumba cha tatu akadakia, "Hata mwizi wa simu huwa na simu yake." Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomhukumu, kwa maana baada ya watu kukucheka hakuna anayetaka kukutetea. Mzee Ndirangu alikuwa amesimama mlangoni pake. Mkewe akamgeukia. Mzee akasema, "Basi ahame. Jumamosi."

Ingekuwa chumba tu, Nairobi imejaa vyumba. Lakini wateja wote wa cherehani wa Peris walikuwa hapo na mitaa ya karibu. Nguo za watu humwachii mwizi. Akitoka kwenye ploti hiyo na jina hilo, angelikuta limemtangulia popote atakaposhusha mzigo, na mashine ingekaa kimya.

Hakuniambia. Niliona tu Jumamosi asubuhi mboga yangu haijaja, nikaacha meza kwa jirani na kwenda. Nilikuta kitanda chake kiko nje uani, godoro limefungwa kwa kamba. Shikuku, keataka anayeisimamia ploti, alikuwa amekitoa, sasa anafuta jasho kama mtu aliyefanya jambo la maana.

"Shikuku, habari ya kazi ya kutoa watu?"

"Mathe, mimi hutumwa."

"Hata mwiba hutumwa na mti."

Peris akanieleza yote, sauti yake ikiwa chini. Nikamwacha nikaenda kuyaona hayo magunia ya mbele. Sikuhitaji muda mrefu. Vikonyo vilikuwa vimekatwa kwa kisu, mshazari, vimeachwa visiki virefu kama vidole, na vingine vimeshaanza kuoza. Peris hajawahi kuacha kisiki tangu siku ya viatu vyeupe. Lakini hilo mtu angesema alikata hivyo makusudi. Jambo lililonichekesha lilikuwa jingine. Majani ya chini, yale mapana ambayo mwizi yeyote mwenye akili angeyachukua kwanza, hayakuguswa. Yaliyokatwa yalikuwa ya juu ya gunia peke yake, kwenye usawa wa kiwiko, hata mioyo michanga. Huyu hakuwa mwizi mwenye njaa. Huyu alikuwa mtu asiyeinama.

Na Kawangware nzima inajua ni nani hainami. Mzee Ndirangu aliteleza kutoka kwenye paa miaka iliyopita, akigongelea mabati kwa mikono yake ili asimlipe fundi. Tangu hapo anatembea wima kama mlingoti, na viatu anafungwa na mkewe.

Nilimkuta nyuma ya tangi la maji.

"Mzee, mgongo unaendeleaje?"

"Tunashukuru Mungu. Hauinami, lakini haulii."

"Nimeona. Hata sukuma unachuma ukiwa umesimama."

Alitazama tangi kama vile limemwita. Mtu wa kupatana bei hujifunza kungoja. Nikangoja.

"Ni sungura," akasema mwishowe, kwa ile sauti ambayo mtu hutumia kutaja ugonjwa. Mkewe alikuwa amemwambia aondoe sungura wake kwa sababu ya harufu. Akamwambia amewauza. Hakuwauza. Alikuwa amewafungia kwenye chumba cha mwisho, ambacho mkewe aliambiwa kinatengenezwa. Sungura wanakula. Na mzee hawezi kwenda sokoni kununua mboga bila Kawangware kuuliza anampikia nani.

"Na huyu mama anahama kwa ajili ya sungura?"

"Sikusema mimi kwamba ni yeye."

"Hukusema. Ulitia sahihi tu."

Basi tukapatana. Hii ndiyo kazi niliyoijua maisha yangu yote, na sitajifanya sikuifurahia. Alianza na Peris abaki mpaka mwisho wa mwezi. Nikaondoka hatua kadhaa. Akanirudisha na Peris abaki kabisa. Nikasema kubaki alikuwa anabaki hata kabla, hicho si kitu umetoa. Akaongeza ukuta wa mashariki wenye jua la asubuhi. Nikarudia masharti mara mbili, kama kawaida yangu, tukapeana mkono. Mimi nitanyamaza, yeye atawaambia watu kwamba mambo yameisha, wamesameheana.

Nikarudi kwa Peris nimejaa fahari. Nilimwambia yote: sungura, chumba, ukuta. Alisikiliza mpaka mwisho, ameketi kwenye ukingo wa kitanda chake pale nje.

"Atawaambia watu nini?" akauliza.

"Kwamba mmesameheana."

"Nimesamehewa nini?"

Nikamwambia afikirie chumba kwanza, maneno ya watu huisha. Akanitazama vile mteja mkali hutazama mzani.

"Umeuza vizuri, Mama Nafula," akasema. "Lakini uliuza kitu cha nani?"

Niwaambie nyinyi mnaobaki mezani: nimeitwa mkavu, nimeitwa mchawi, nimeitwa mwizi na watu ambao mifuko yao ilitoboka wenyewe. Hakuna neno lililonikaa kama hilo. Nilirudi nyuma ya tangi. Nikamwambia Mzee mkataba umevunjika, mwenye mali hakubali. Akaongeza ukuta mwingine. Nikamwambia ukuta hausemi, na huyu anataka kusemewa. Akaapa hataweza kusema mbele ya watu. Nikamwambia alisema "Ahame" mbele ya watu, na hakukwama hata kidogo.

Peris hakungoja tumalize. Alibaki pale pale kitandani, katikati ya ua, njia ya bomba. Kila aliyekuja kuteka maji ilibidi amzunguke. Shikuku akamwambia asogee. Akamwambia, "Sogeza kitanda na mimi juu yake." Shikuku akakumbuka ana kazi mahali pengine. Mpaka mchana ua ulikuwa umejaa watu wenye ndoo ambazo hazikuwa na haraka ya kujaa.

Mama Ndirangu akarudi kutoka mazoezi ya kwaya, leso ya sare kichwani. Akasimama. "Huyu bado yuko?"

Peris hakumjibu. Aligeuka upande wa tangi. "Baba," akamwita Mzee, kwa heshima kabisa, "utasema wewe, ama nimwombe Mama atazame magunia yake akiwa ameinama?"

Mzee akatoka polepole, wima. Akatazama juu ya vichwa vya watu wote.

"Ni mimi nilikuwa nakata."

Fundi wa simu akaziba mdomo. Mama Ndirangu hakupiga kelele. Aliuliza kwa upole uliotutisha sote: "Unakata unampelekea nani?"

Hapo ndipo nilipoona mzee wa watu akitaka kuinama na asiweze. "Ni sungura," akasema upesi. "Ni sungura tu, mama watoto."

"Wale uliouza?"

"Sikuwauza."

"Wako wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu.

"Kile chumba kinachotengenezwa?"

Mama Ndirangu alikitazama kile chumba cha mwisho kwa muda, mdomo ukihesabu jambo fulani. Nilidhani ataenda huko. Watu walikuwa tayari wamempisha njia. Lakini aligeuka, akaja mpaka mbele ya kitanda.

"Peris," akasema. "Nilikuita mwizi mbele ya hawa."

"Uliniita."

"Basi mbele ya hawa, si wewe. Nilikukosea."

Peris alikubali kwa kichwa. Hakutabasamu, hakusema kwamba si kitu, hakulia kama wengi walivyotarajia. Akasimama, akapangusa sketi, akamtafuta Shikuku kwa macho mpaka akampata nyuma ya watu.

"Shikuku. Kitanda."

"Mathe, kile ni kizito, nilikitoa nikisaidiwa."

"Nakuona."

Shikuku akamtazama Mzee, na Mzee akatazama ardhi, kadiri mgongo wake ulivyomruhusu. Keataka akaja, akashika upande wa kichwani akauinua. Upande wa miguu ulibaki chini, na sisi wote na ndoo zetu tulisimama tukiutazama, kila mmoja akingoja mwenzake. Aliyeinama kuuinua alikuwa Mama Ndirangu.